Sanda ya Torino Haihitaji Utetezi wa Aina Hii

Kwaresima ikianza, simu za waumini wa wilaya zetu za Mbulu na Hanang hupokea video zinazofanana. Uso wa mwanamume mwenye ndevu, macho yamefumba, nywele ndefu zimeshuka mabegani, unatokeza kwa mbali kwenye kitambaa cha zamani. Msimuliaji anasema hii ndiyo sanda aliyozikiwa Bwana Yesu, inatunzwa Torino huko Italia, na wanasayansi wa dunia nzima wameichunguza hadi wamenyoosha mikono. Kisha linakuja hitimisho: anayeitilia shaka sanda hii ameutilia shaka ufufuko wenyewe. Video inatoka kundi la kwaya inaingia la akina mama wa WAWATA, inatoka hapo inaingia la wazazi wa shule, na ikifika Ijumaa Kuu imeshakuwa ushahidi ambao mtu akiuhoji anaangaliwa vibaya.

Katika jumuiya moja upande wa Katesh nilimsikia kijana aliyerudi likizo akiuhoji, na aliuhoji kwa adabu. "Shikamoo mzee. Naomba kuuliza. Chuoni tulisoma kwamba ile sanda ilipimwa mwaka 1988 ikaonekana ni ya karne ya 14. Sasa sisi tunasemaje?"

Mzee aliyeongoza sala, katekista wa miaka mingi, alimjibu bila ukali. "Marahaba mwanangu. Mimi nakuambia hivi: mambo ya Mungu hayapimwi. Leo utapima sanda, kesho utataka upime hostia."

Watu waliitikia kwa vichwa, kijana akakaa, rozari ikaendelea. Mzee yule namheshimu. Wengi wa waliokuwa pale ndani amewafundisha yeye Komunyo ya Kwanza. Lakini jibu lake ndilo ninalolipinga hapa, kwa sababu ndilo jibu la wengi katika parokia zetu, na kwa sababu linafanya mambo mawili yasiyostahili kufanywa kwa jina la imani. Linaweka sanda mahali ambapo Kanisa halijawahi kuiweka, na linamfundisha kijana kwamba ukweli mmoja unaweza kuogopa ukweli mwingine.

Tuanze na hostia, kwa kuwa hapo ndipo hoja ya mzee inapoonekana ina nguvu. Juu ya Ekaristi, Kanisa linafundisha kwa mamlaka yake yote, na Mkatoliki anawajibika kuamini. Juu ya sanda ya Torino halijafundisha lolote la namna hiyo. Papa Yohane Paulo II alipokwenda kuhiji mbele yake tarehe 24 Mei 1998 alitamka waziwazi kwamba, kwa kuwa suala hili si la imani, Kanisa halina mamlaka ya pekee ya kulitolea uamuzi. Akawakabidhi wanasayansi kazi ya kuendelea kuchunguza, akawaomba wasiingie kazini wakiwa tayari na majibu wanayoyataka. Papa huyohuyo aliipenda sanda ile na kuiita kioo cha Injili. Aliweza kuipenda na kuruhusu ipimwe, na hakuona mgongano wowote. Sasa anayesema kipimo ni kufuru anakuwa na imani kali kuliko ya Papa, na hilo ni jambo la kutilia mashaka.

Sanda yenyewe ni kitambaa cha kitani chenye urefu wa mita 4.4 hivi na upana wa mita 1.1, na juu yake kuna sura ya mtu mzima, mbele na nyuma, mwenye alama za mijeledi, za misumari na za jeraha ubavuni. Kwa karne nyingi ilikuwa mali ya ukoo wa kifalme wa Savoy. Ilifika Torino mwaka 1578. Mfalme wa mwisho wa Italia, Umberto II, alipofariki mwaka 1983 aliiacha kwa Papa katika wosia wake. Kwa hiyo kilipofanyika kipimo cha 1988 mwenye mali alikuwa Papa, na ruhusa ilitoka kwake. Hakuna mtu aliyevunja mlango wa kanisa usiku ili aiaibishe dini.

Kipimo chenyewe kinafaa kuelezwa taratibu, maana wengi wanakikataa bila kuambiwa kilivyofanyika. Hewa ina karboni, na sehemu ndogo sana ya karboni hiyo ni ya aina inayoitwa karboni 14, ambayo hupungua yenyewe kadiri muda unavyokwenda. Nyasi za Basotu zinaivuta kutoka hewani, ng'ombe anakula nyasi, na sisi tunakunywa maziwa. Kila chenye uhai kinaendelea kuipata. Siku kinapokufa kinaacha kuipokea, na ile iliyomo inaanza kupungua kwa mwendo usiobadilika: kila baada ya miaka 5,730 inabaki nusu. Kitani ni mmea. Ulipong'olewa shambani ili usokotwe nyuzi, saa yake ilianza kuhesabu. Mmarekani Willard Libby, aliyebuni njia hii, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960.

Tarehe 21 Aprili 1988 ukanda mwembamba ulikatwa kwenye kona moja ya sanda na kugawiwa maabara tatu: ya Chuo Kikuu cha Arizona huko Tucson, ya Oxford na ya Zürich. Jumba la makumbusho la British Museum lilisimamia. Na hapa ndipo penye jambo ambalo video za Kwaresima hazilitaji kamwe. Pamoja na kipande cha sanda, kila maabara ilipewa sampuli nyingine tatu za vitambaa ambazo umri wake ulikwishajulikana kabla. Moja ilikuwa kitani kutoka kaburi la Qasr Ibrim, katika Nubia, kwenye bonde la Naili, nchi iliyokuwa na Wakristo Waafrika karne nyingi kabla ya mmisionari yeyote kufika kwetu. Hicho kilijulikana ni cha karne ya 11 au ya 12. Ya pili ilikuwa kitani kilichofungiwa maiti huko Thebes, Misri, cha nyakati zilezile alizoishi Bwana Yesu. Ya tatu ilikuwa nyuzi za joho la Mtakatifu Ludoviko wa Anjou, la mwishoni mwa karne ya 13 au mwanzoni mwa ya 14.

Fikiri juu ya kitani cha Misri. Mashine zilezile, mafundi walewale, walipewa kitambaa cha karne ya kwanza, wakakipima, wakasema ni cha karne ya kwanza. Walipata sawa pia kwa Nubia na kwa joho. Tukisema mashine zilikosea, tueleze zilikoseaje kwa sampuli moja tu kati ya nne, na kwa nini zote tatu, Marekani, Uingereza na Uswisi, zikosee kwa kuelekea upande mmoja. Jibu kwa sanda lilikuwa kati ya mwaka 1260 na 1390, kwa uhakika wa asilimia 95. Aliyelitangaza, tarehe 13 Oktoba 1988, alikuwa Kardinali Anastasio Ballestrero, Askofu Mkuu wa Torino. Askofu alisimama mbele ya waandishi wa habari akasoma tarehe ambayo huenda hakuitamani, bila kuificha wala kuipamba. Huo ni mfano wa mchungaji ambao ningependa uonyeshwe kwenye video hizo.

Wanaopinga kipimo wana hoja, na baadhi yao ni watu wasomi. Si haki kuwapita kama wapayukaji. Ya kwanza ni moto. Mwaka 1532 kanisa dogo la Chambéry, sanda ilikokuwa inatunzwa, liliungua. Fedha ya kasha iliyeyuka ikatoboa kitambaa, na watawa wakakishona viraka. Inasemwa moshi na vumbi la karne nyingi viliongeza karboni mpya, ndiyo maana kitambaa kikaonekana kijana. Hesabu inakataa. Ili kitani cha karne ya kwanza kisomeke kuwa cha karne ya 14, zaidi ya nusu ya karboni yote iliyomo katika kipande ingelazimika kuwa ngeni. Na vipande havikupimwa na uchafu wake. Vilioshwa kwanza kwa tindikali na dawa nyingine kali. Kitambaa ambacho zaidi ya nusu yake ni masizi kingeonekana kwa macho, achilia mbali darubini.

Hoja ya pili ni nzuri zaidi: kwamba kona ile ilikuwa imefumwa upya kwa ustadi katika Enzi za Kati, hivyo kilichopimwa ni kiraka. Mkemia Raymond Rogers, ambaye alikuwamo katika timu iliyoichunguza sanda mwaka 1978, aliandika mwaka 2005 kwamba nyuzi za kona ile zina kemia tofauti na za katikati. Wataalamu wa nguo walioishika sanda yenyewe wamesema hawakuona ufumaji wa aina hiyo. Hoja ya tatu ililetwa mwaka 2019 na Mfaransa Tristan Casabianca na wenzake, baada ya kupata takwimu ghafi zilizokuwa zimehifadhiwa British Museum. Walionyesha kwamba majibu ya maabara tatu hayalingani vizuri kama yalivyotangazwa. Wana haki. Oxford ilipata wastani wa miaka 750, Zürich 676, Arizona 646, kabla ya marekebisho ya kalenda. Takwimu zinazoachana hivyo zilistahili maelezo zaidi. Ila tazama pengo lenyewe: ni kama karne moja. Kutoka karne ya 14 hadi siku za Pontio Pilato ni karne 13. Pengo la kwanza haliwezi kuziba la pili, na Casabianca mwenyewe hakudai kwamba amethibitisha karne ya kwanza. Alidai kipimo kirudiwe.

Ya nne ndiyo inayosambaa zaidi siku hizi. Mwaka 2022 Mwitaliano Liberato De Caro na wenzake walitumia miale ya eksirei kupima jinsi nyuzi zilivyochakaa, wakasema uchakavu unalingana na kitani cha miaka elfu mbili. Kinachokatwa kwenye simu zetu ni sharti lililoandikwa ndani ya utafiti uleule: jibu hilo linasimama iwapo sanda, kabla ya kuonekana Ulaya, ilitunzwa kwa karne 13 katika joto la nyuzi 20 hadi 22.5 na unyevu usiotoka nje ya kiwango maalumu. Hakuna anayejua ilikuwa wapi karne hizo, sembuse chumba kilikuwa na joto gani. Kuchukua jibu na kuliacha sharti lake ni kudanganya, hata kama anayefanya hivyo ana rozari mkononi.

Kuna jambo jingine linaloniumiza kama mtu wa huku. Karboni tunaikubali inapotusifu. Mashamba ya kale ya Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kaskazini ya Ziwa Manyara, pamoja na mifereji yake ya mawe na kuta zake, yamepewa umri wa kati ya karne ya 15 na ya 18 kwa kipimo hikihiki cha karboni. Wapo watafiti wanaowahusisha wakulima wale na mababu wa Wairaqw, na sisi tunalisimulia hilo kwa fahari. Sijamsikia mtu akisema mkaa wa Engaruka uliharibiwa na moshi. (Olduvai ni habari nyingine, umri wa Zinjanthropus ulipatikana kwa njia ya miamba ya volkano, kwa kuwa karboni haifiki mbali zaidi ya miaka 50,000 hivi. Nalisema kwa sababu mara nyingi huchanganywa.) Mtu hawezi kukubali mizani inapopima mahindi yake na kuikataa inapopima ya jirani.

Tukiiacha maabara kabisa, tukabaki na historia ya Kanisa peke yake, sanda haiwi kongwe zaidi. Inaonekana kwa mara ya kwanza bila utata katika kijiji cha Lirey, Ufaransa, miaka ya 1350, mikononi mwa familia ya askari mkuu Geoffroi de Charny. Mwaka 1389 Askofu wa Troyes, Pierre d'Arcis, alimwandikia Klementi VII, aliyekuwa akishika kiti cha upapa huko Avignon, kwamba mtangulizi wake alikwishachunguza jambo hili na kumpata fundi aliyekiri kuwa ameichora. Mwaka uliofuata Klementi aliruhusu iendelee kuonyeshwa kwa sharti kwamba watu waambiwe ni mfano wa sanda ya Bwana, si sanda yenyewe. Na mwaka 2025 mwanahistoria Nicolas Sarzeaud alitoa maandishi ya Nicole Oresme, msomi mkubwa wa karne ya 14 aliyekuja kuwa Askofu wa Lisieux, ambayo ni ya kale kuliko barua ya d'Arcis, na Oresme anaitaja sanda ya mahali hapo kama mfano wa udanganyifu wa makleri. Hawa hawakuwa wapagani wala wanasayansi wa kisasa. Walikuwa mapadre na maaskofu waliochukizwa kuona watu wanyonge wakichotwa sadaka. Kuna wanaosema d'Arcis alikuwa na ugomvi wa mapato na makanoni wa Lirey, na huenda ni kweli. Lakini mwaka wake na mwaka wa karboni vinakutana, na havikufahamiana.

Waumini wa huku tunajua masalia yanavyopata heshima. Kila mwaka makundi huondoka parokiani kwenda Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya tarehe 3 Juni. Mfiadini Karoli Lwanga alichomwa hapo tarehe 3 Juni 1886, na altare ya basilika imejengwa mahali alipofia. Heshima ya masalia yake inatokana na mashahidi. Walikuwapo walioona. Denis Kamyuka alikuwa miongoni mwa vijana waliopelekwa kuchomwa na wakaachwa hai, akasimulia aliyoyaona. Mapadre Weupe walioandika ushuhuda ule ni wa shirika lilelile lililokuja kuanza misheni katika nchi ya Wairaqw mwaka 1907. Kutoka mfupa hadi jina, kutoka jina hadi shahidi, mnyororo haukatiki. Ndiyo maana Papa Paulo VI alipowatangaza wafiadini wa Uganda kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, hakuhitaji kusema sayansi imeshindwa.

Jirani zetu Wadatoga wanalijua jambo hili hata bila ubatizo. Mzee mwenye heshima akifa, ukoo unaweza kumwandalia bung'ed: kaburi linaloinuliwa kwa udongo na miti, kazi ya miezi, na kila hatua ina watu wake wanaostahili kuifanya. Baada ya miaka mingi mahali pale hapahitaji kibao. Watoto wanaonyeshwa, nao wanawaonyesha watoto wao. Ukimwuliza Mdatoga wa Hanang anajuaje aliyezikwa pale ni babu yake fulani, hatakuambia juu ya maajabu ya udongo. Atakutajia watu, mmoja baada ya mwingine, hadi wa kwanza aliyekuwapo siku ile. Sanda ya Torino inakosa hilo tu. Kati ya kaburi la Yerusalemu na kijiji cha Lirey kuna miaka zaidi ya 1,300 ambayo hakuna mtu wa kutajwa kwa uhakika. Kuna dhana nyingi zinazoipitisha Edessa na Konstantinopoli, na nyingine zinavutia sana kusoma, lakini dhana si mtu.

Basi fumbo limekwisha? Halijaisha, na hapa nawageukia wale wanaofurahia mwaka 1988 kana kwamba sanda ni turubai lililopakwa rangi na habari imefungwa. Tarehe 28 Mei 1898 mpigapicha Secondo Pia alipoitazama picha yake kwenye kioo cha negativu aliona uso ulio wazi kuliko unavyoonekana kwenye kitambaa chenyewe. Sura ya sanda ina mwanga na giza vilivyogeuzwa. Timu ya wanasayansi wa Marekani ya mwaka 1978 ilikaa nayo siku tano usiku na mchana. Iligundua kwamba sura ipo juujuu mno, kwenye ngozi ya nje kabisa ya nyuzi, na kwamba haikuona rangi ya kutosha kueleza kile kinachoonekana. Mtaalamu wa darubini Walter McCrone, aliyepewa nyuzi hizo, aliona chembe za rangi na hakubadili msimamo hadi mwisho wa maisha yake. Mwaka 2009 mkemia Luigi Garlaschelli alitengeneza sanda yake kwa kusugua rangi juu ya mtu aliyefunikwa kitani, akapata sura inayokaribia. Wakosoaji wake wakasema inakaribia tu. Fundi wa karne ya 14, kama ndiye, alifanya kazi ambayo hadi leo mafundi wanabishana juu ya namna alivyoifanya.

Hilo ni fumbo la kweli na ninalipenda. Ninachokataa ni daraja linalojengwa kutoka hapo: hatujui ilifanyikaje, kwa hiyo ilifanywa na mwanga wa ufufuko. Kutojua hakuthibitishi kitu. Isitoshe, ufufuko haujawahi kuwa na mfano wa pili ambao mtu angeweza kuupima ili ajue unaacha alama ya namna gani kwenye kitani. Anayesema sura ile ndiyo alama yake amejitungia kipimo. Injili ya Yohane inawataja Petro na mwenzake wakiviona vitambaa ndani ya kaburi, na leso ya kichwani ikiwa imekunjwa peke yake. Haitaji sura yoyote. Mwinjilisti aliyejali hata mahali leso ilipokaa angeuacha uso wa Bwana usitajwe?

Turudi kwa woga wa mzee wa Katesh, kwamba kupima kutakula imani yote. Wilaya zetu mbili zina jibu la hilo ambalo halikuandikwa vitabuni. Haydom, wilayani Mbulu, kuna hospitali iliyoanzishwa na Walutheri wa Norway mwaka 1955. Siku inaanza kwa sala, kisha watu wanaingia wodini wakiwa na saa, mizani na daftari. Hospitali hiyo ilikuwa kituo kikuu cha utafiti wa Safer Births, uliofuatilia mapigo ya moyo ya watoto wanaozaliwa na namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua katika dakika yake ya kwanza. Mkunga wa Haydom anayehesabu sekunde tangu mtoto atoke hadi avute hewa hajamvunjia Mungu heshima. Hakuna mama anayemwambia, acha kupima, uhai ni wa Mungu. Uhai ni wa Mungu, na kwa sababu hiyohiyo unapimwa kwa makini.

Na Hanang kuna jeraha ambalo bado bichi. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, matope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaifunika Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Siku zile kila mtu alikuwa na maelezo. Wengine walisema volkano imeamka, kwa kuwa mlima ule wa mita 3,420 ulikuwa volkano zamani. Wengine walisema ni adhabu. Wataalamu wa serikali walichunguza wakasema haikuwa volkano: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikashindwa kujishikilia, ikashuka. Maelezo hayo hayakumwondoa Mungu Katesh. Misa za marehemu zilisomwa, ibada zilifanyika, watu walilia na kusali. Ila maelezo hayo ndiyo yanayomwambia aliyebaki asijenge tena kwenye njia ya maji. Maelezo ya adhabu hayamwambii ajenge wapi. Yanamwongezea tu mzigo mama aliyepoteza watoto, aanze kujiuliza alitenda nini.

Tangu mwaka ule nimeiona kwa ukaribu tofauti hii ya maswali mawili, na naiona ileile kwenye sanda. Swali la umri wa kitani lina jibu lake, na jibu hilo linatafutwa kwa karboni na kwa barua za kale. Swali la nini mtu afanye anapoutazama uso uliopigwa namna ile lina jibu lake pia, na hilo maabara ya Zürich haikuulizwa. Tunasali Njia ya Msalaba kila Ijumaa ya Kwaresima, na kwenye kituo cha sita tunapiga magoti mbele ya Veronika anayempangusa Yesu uso. Habari hiyo haimo katika Injili hata moja, na mapadre wetu wanalijua hilo na hawalifichi. Hakuna aliyeacha Ukristo kwa ajili yake. Tunapiga magoti kwa sababu tendo lile linatufundisha kumkaribia anayeteseka. Sanda inaweza kusimama hapohapo, kwa heshima kubwa, na mwaka wake wa kweli ukatajwa bila kumung'unya.

Imani ya huku, kwa vyovyote, haikuletwa na kitambaa. Wazee wa Kiiraqw waliokuwa wakisali slufay, mmoja akitoa maombi na wengine wakiitikia, wakimwomba Looa mvua na amani ya nchi, walikutana na wamisionari, na kutoka hapo likakua kanisa lililofanywa jimbo kamili mwaka 1953. Walisadiki kwa kusikia na kwa kuona jinsi watu wale walivyoishi. Mtoto wao leo anapoambiwa kwamba yote hayo yanaegemea picha ya kwenye simu, anapewa kitu chembamba kuliko alichopokea babu yake. Akifika chuoni, siku akikuta ile ripoti ya mwaka 1989 katika jarida la Nature, atadhani Injili imeanguka, wakati kilichoanguka ni video.

Kwa hiyo ninachoomba ni mambo mawili ya kutendeka. Makatekista wetu waelezwe habari yote ya sanda, kipimo cha 1988 pamoja na kasoro zake, Lirey, d'Arcis na yale ambayo bado hayajaelezeka, ili kijana akiuliza apate mtu wa kuzungumza naye. Na sisi waumini tuwe wa kwanza kudai kipimo kipya. Kile cha 1988 kilichukua kipande kimoja kutoka kona moja, na hiyo ni kasoro ambayo hata wanaokitetea wanaikubali. Leo mashine zinahitaji nyuzi chache mno, na sampuli zinaweza kuchukuliwa sehemu kadhaa, katikati na pembeni, zikapelekwa maabara nyingi zaidi bila kuambiwa ipi ni ipi. Ruhusa iko mikononi mwa Papa. Kama jibu litakuwa karne ya kwanza, nitalipokea kwa furaha na nitasema nimelipokea. Kama litakuwa tena karne ya 14, nitakwenda Misa Jumapili inayofuata kama kawaida.